Matundu ya Hewa ya Kambove

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika nimevaa viatu vipya vinavyobana, na kabla sijakaa sawasawa chef wa biro, mkuu wa ofisi yetu, alinisukumia kompyuta. Biro yetu ya Lubumbashi ilifanya hesabu za majengo. Unachora nyumba ndani ya kompyuta, kuta zake, mabati, madirisha, watu, taa, halafu mashine inakuambia nyumba hiyo itakula umeme kiasi gani na wakazi watasikia joto ao baridi. Nyumba hiyo ya kompyuta tuliiita modèle. Vitu vingi hujavipima, lakini modèle haikubali nafasi tupu, basi unaweka kisio.

Kwenye chumba cha kulala niliweka watu wanne. Chef, mzee wa sauti ya pole na macho makali, akainama nyuma ya kiti changu.

"Bantu bane. Nani alikuambia?"

"Hakuna, Chef. Nilifikiri tu."

"Basi andika vile: nilifikiri tu. Mu daftari, pembeni ya namba. Na jina yako."

Nilicheka nikidhani ananitania. Yeye hakucheka. Nikaandika, na aibu ikanichoma mpaka mchana nikatoka kwenda mtaa wa Makomeno, mlango kwa mlango, kuuliza familia wanalala wangapi. Ndivyo alivyotufunza sote. Kila kisio lilitakiwa kueleza namba imetoka wapi, nani aliitoa, na kitu gani kikibadilika namba hiyo haifai tena. Kazi hiyo ilinifaa, maana mimi kukaa kitini sijawahi kuweza.

Baadaye nilitumwa Kambove. Kampuni moja ya migodi ilitaka kutengeneza upya nyumba za wafanyakazi wake, na bosi wangu sasa alikuwa directeur wa mradi, mtu wa tai na haraka. Nyumba zile zina matundu ya hewa juu ya milango, na mwezi wa sita baridi ya kwetu inaingia humo bila hodi. Modèle ilisema wazi: ziba matundu, nyumba itabaki na joto, umeme utapungua. Directeur alifurahi sana. Lakini kwenye upikaji niliona ameweka "réchaud ya umeme", yaani jiko la umeme, na pembeni kwenye daftari hakuna neno hata moja. Roho ikawa juu. Nikaacha kila kitu, nikaenda kuangalia nyumba zenyewe.

Mama wa nyumba ya kwanza alinikaribisha ndani. Katikati ya chumba iliwaka mbabula, lile jiko letu la makala, yaani makaa, watoto wameizunguka.

"Mama, réchaud iko wapi?" nikamuuliza.

"Iko pale juu ya kabati. Courant ya umeme ikienda nitapika na nini? Na hii baridi, mbabula tunaingizaka mu nyumba, tunafunga mulango, batoto banalala muzuri."

Nikainua macho. Juu ya mlango, tundu. Makala yakiungua ndani yanatoa sumu isiyo na harufu wala rangi. Mtu analala, haamki. Watoto wale walikuwa wanaamka kila asubuhi kwa sababu ya tundu ambalo sisi tulitaka kuziba. Nilimsihi mama atoe mbabula nje kabla ya kulala. Alinicheka.

"Eh, Mama Ingénieur! Tangu wakati ya nkambo, bibi yangu, tunafanyaka vile."

Nilirudi kwa directeur bado nina vumbi la Kambove miguuni, nikamwambia modèle ihesabu mbabula na matundu yabaki wazi.

"Ingénieur, unaniharibishia calcul, hesabu yote," akasema. "Acha réchaud pale. Bantu batazoea."

"Sawa, Bwana Directeur. Naandika hivi: 'Hakuna mbabula ndani ya nyumba. Kisio limetolewa na directeur wa mradi. Kwenye nyumba zenyewe tumeona kinyume.' Weka signature hapa."

Akashika kalamu. Akasoma. Akasoma tena, kisha akaiweka kalamu chini polepole.

"Ile baridi ya Kambove," akasema, "si kali sana. Acha matundu."

Nilitoka nje nikacheka peke yangu.

Sasa nimestaafu, na kila mtu ananiambia nipumzike. Nipumzike namna gani? Nikiingia kanisani naangalia dari kabla ya altare. Nikitembelea jirani natafuta hewa inapotokea. Watoto wangu wamechoka na mimi, na sitaki hata kuwaomba radhi.

Juzi simu ililia. Ni kijana ingénieur, anayekaa leo kwenye kiti changu cha zamani.

"Jambo, Mama. Tunatengeneza tena zile nyumba za Kambove. Tulikuta faute, kosa kidogo, mu modèle yenu, matundu yalibaki wazi. Tumeshayafunga mu modèle. Bamasoni, bafundi ba kujenga, banaanza leo kuyaziba."

Mawee! Nilisimama mpaka kikombe kikaanguka. Modèle yangu ilikuwa imetembea peke yake kwenye clé USB, namba tupu, na daftari la maelezo limebaki kwenye kabati la biro. Ninyi mnaoanza kazi hii, nawaomba, kisio na sababu yake vikae mahali pamoja, ndani ya modèle yenyewe, mtu asiweze kubeba kimoja akaacha kingine.

"Upikaji umeweka nini?" nikamuuliza.

"Réchaud, Mama."

"Nani alikuambia?"

Nikasikia anageuza karatasi, anatafuta.

"Nilifikiri tu, Mama."

"Basi andika vile, na jina lako. Chini yake andika majina ya batoto wanaolala mule na mbabula, mulango umefungwa, mwezi huu wa baridi."

"Napigia foromani wa bamasoni sasa hivi," akasema, na simu ikakatika.

Nilizunguka meza. Nilitoka uani, nikarudi, nikatoka tena. Hasira ilikuwa imeshapita, niliogopa tu. Hatimaye simu ikalia.

"Mama, tulia sasa. Foromani anasema matundu yote bameshafungua."

"Wewe uliyaona?"

"Hapana, Mama, lakini foromani..."

"Na yeye aliyaona, ao alifikiri tu?"

Nikavuta viatu vyangu kutoka chini ya kiti.

"Nipitie hapa," nikamwambia. "Twende Kambove."