Radhi za Mwenye Kisima

Wiki tatu kabla ya safari yake ya Hija, jirani yangu mwenye kisima alikuja kwangu kuomba radhi, nami nikamnyima. Wallahi nilimnyima, mbele ya watu, na chakula cha mchana kilinishuka vizuri siku hiyo.

Kwetu Magogoni, huku Kisauni, mtu akienda Hija hupita nyumba kwa nyumba. Hubisha hodi kwa ndugu, kwa majirani, hata kwa yule aliyegombana naye kwa sababu ya kuku, akawaomba msamaha. Yaliyo baina yako na Mungu utayapeleka Makka, lakini yaliyo baina yako na mja mwenzako humalizwa hapa hapa mtaani. Yeye alizunguka kote akaniacha mie wa mwisho. Alijua kwa nini.

Mwaka ule wa korona mie nilikuwa nakaanga viazi karai na bajia kando ya barabara. Biashara ya viazi ni ya jioni, watu wakitoka kazini na wakitoka msikitini Magharibi. Kafyu ilipowekwa, jioni ikafa. Nikageuza, nikawa nauza mahamri asubuhi, lakini wateja wangu wenyewe walikuwa wamerudishwa majumbani kutoka mahotelini, na mtu asiye na kazi hula ugali saa tano akawa amemaliza siku. Mafuta yakapanda, unga ukapanda, tukawa tunapika mchuzi bila nazi. Ushawahi kusikia Mswahili akipika mchuzi wa samaki bila nazi? Sisi tulipika, tukala, tukashukuru. Redio nayo kutwa inatuambia tunawe mikono kwa maji yanayotiririka. Yanatiririka wapi? Mfereji wa uani kwetu ulikuwa umekauka miaka, tukiutumia kuanikia matambara.

Maji tulikuwa tukiteka kwa jirani. Alikuwa na kisima cha pampu, tangi juu ya paa, na mfereji nje ukutani ambako watu walijaza mitungi yao. Mie kwake sikuwa mteja, nilikuwa mtu wa nyumbani. Mama yangu ndiye aliyemkanda alipozaa, watoto wote watatu, kila mmoja siku arubaini. Ramadhani sahani zilikuwa zikienda zikirudi, hata sikumbuki tena ipi yangu na ipi yake.

Mama yangu ana pumu. Anayo tangu mie mdogo. Yakija masika kifua humbana, akakohoa wiki nzima, kisha akatulia. Mwaka ule masika yalikuja pamoja na korona, na dawa yake ya kuvuta ikaadimika madukani. Nilimpeleka zahanati mara mbili. Mara zote mbili walimsikia akikohoa toka getini, wakatuambia tukae mbali, turudi nyumbani. Siku ya nne ya kikohozi, asubuhi, gari likasimama mbele ya nyumba, wakashuka watu wamevaa mavazi meupe toka utosini mpaka vidoleni. Mama akatoka na leso yake kichwani, akawaamkia vizuri, mwanamke wa zaidi ya miaka sabini. Alidhani wamemletea dawa. Wakampandisha garini. Mtaa mzima ulikuwa milangoni, simu juu, wanapiga picha.

Siku kumi na nne aliwekwa karantini, kwenye bweni la shule. Mie nilikuwa naishia getini, nakabidhi leso safi na chupa ya uji, na sijui kama vilimfikia. Walimpima mara mbili, mara mbili hana kitu. Alirudi amekonda, sauti imeshuka, barazani hataki tena kukaa. Mpaka leo gari likisimama nje huinuka akaingia chumbani.

Sasa basi, kuna mtu alikuwa amepiga simu. Namba ya kuripoti wagonjwa ilikuwa ikitangazwa kila saa. Nani kapiga? Mie sikuhitaji kufikiri sana. Chumba cha pili yetu, ua huo huo mmoja, alikuwa amepanga mwanamke wa Kigiriama, muuza mchicha, mpole, na binti yake mdogo. Siku moja kabla ya lile gari alikuwa ameniuliza, "Dada, mama akohoa tangu juzi, mumempeleka hospitali?" Maski alikuwa akivaa hata akipepea jiko lake mwenyewe. Na asubuhi ile ile nilimwona mlangoni na simu sikioni. Ningetaka ushahidi gani tena?

Nikangoja mama arudi, kisha nikaanza. Nilianza na vijembe. Nikiosha vyombo naligonga sinia, nasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: wengine tumewapa ua wetu, kumbe twafuga wapelelezi! Akanyamaza. Kunyamaza kwake kukanizidisha. Nikamwendea mwenye nyumba nikamwambia mwanamke huyu kutwa yuko sokoni anasukumana na watu wa kila mahali, ndiye atakayetumaliza. Asubuhi moja nikauchukua mchicha wake, tenga zima, nikaumwaga mtaroni. Alilia. Akaniapia kwamba siku ile alikuwa akizungumza na dadake. Nikamwambia kamwapie mama yangu.

Haikufika wiki mbili, mwenye nyumba akamtoa. Mvua ilikuwa ikinyesha. Alipakia kitanda, godoro na sufuria zake kwenye mkokoteni, na mtoto akamkalisha juu. Mie nilisimama mlangoni na leso yangu mpya nikacheka, nikapiga na vigelegele juu yake. Wapangaji wengine nao wakacheka.

"Mwanangu," mama aliniuliza toka kitandani, "una hakika?"

"Nina hakika, mama."

Huyo nikawa nimemmaliza. Lakini aliyenichoma zaidi alikuwa mwenye kisima, maana yule wa mchicha alikuwa mtu baki, na huyu alikuwa mtu wetu. Siku ya pili tu baada ya mama kurudi nilikwenda kwake na mitungi yangu miwili. Akasimama nyuma ya dirisha, maski mbili usoni, moja juu ya nyingine.

"Dada, mitungi yenu isiguse mfereji wangu. Kwenu kuna ugonjwa."

Nikamwonyesha karatasi ya vipimo. Hata mkono hakunyoosha. Nyuma yangu ilikuwa foleni ya watu, na kila mmoja alisikia. Kuanzia kesho yake nani angenunua hamri lililotoka mikononi mwangu? Tuliyala wenyewe mimi na mama, asubuhi na jioni, mpaka nikayachukia.

Miezi mitatu niliteka maji kisima cha mbali, narudi shingo hainigeuki. Siku nilizoshindwa nilingojea mikokoteni ya maji, nayo ilikuwa ikipita itakapo. Mtungi mmoja niugawe: maji ya kupikia, ya kunywa, ya mama kuoga. Siku moja niliingia chumbani nikamkuta mama anatayamamu kwa mchanga aliouweka kwenye sinia langu la mahamri. Mwanamke ambaye tangu nimjue hakuwahi kusali bila udhu wa maji. Aliponiona aliona haya, akalifunika sinia kwa leso. Hapo ndipo nilipoapa kwamba huyu mwanamke, akija kunitaka kitu siku yoyote ya uhai wangu, hatakipata.

Korona ikapita, maski zikatupwa, na mfereji ukafunguliwa hata kwangu, ati "dada, karibu sasa." Karibu nini? Nilishazoea kwenda mbali. Miaka hiyo yote nimemfanyia vituko, sitaki kuficha. Salamu yake nilikuwa naiitikia huku natazama viatu vyake. Arusi ya bintiye mtaa mzima ulikwenda, mie nikafua na kuanika siku hiyo, nguo zote, hata safi. Karai langu nikalihamisha hatua kumi, ili kaskazi ikivuma moshi wote wa mafuta uingie sebuleni kwake. Akawa anafunga madirisha, na joto la Kisauni miezi ile unalijua mwenyewe. Nilikuwa nikiyatazama yale madirisha huku nageuza viazi vyangu, nafurahi.

Ndipo jina lake likatoka la Hija. Alikuja na wanawake wawili wa darsa lake, buibui jipya, ananukia udi. Akakaa ukingoni mwa kiti akasema maneno yale yale aliyoyasema kila nyumba.

"Dada, nakwenda Hija inshallah. Nisamehe nilikokukosea, kwa kujua na kwa kutojua."

"Umenikosea nini?"

"Yote, dada. Kwa jumla."

"Mie si duka la jumla. Taja kimoja kimoja."

Wenziwe wakaguna, astaghfirullah, dada, mambo gani haya. Nikawaambia wanywe chai yao. Yeye alifungua mdomo, akawatazama wale wawili, akaufunga. Akaondoka bila radhi.

Wakaanza kuja wajumbe. Alikuja mke wa imamu. Alikuja mwenyekiti wa mtaa. Alikuja hata mjomba wangu, ambaye kipindi chote cha shida hakuwahi kututazama. Wote niliwapa chai na jibu moja: aje mwenyewe, peke yake, ataje. Mama akaniambia, "Mie nishamsamehe zamani. Lakini radhi zako ni zako." Nikasema naam, ni zangu. Na wacha niseme kweli, nilikuwa na raha ambayo sikuwahi kuipata hata siku ya arusi yangu. Alikuwa amelipa nauli, ameshona nguo, amefunga mizigo, na kitu kimoja alichokuwa amekikosa nilikuwa nacho mie.

Siku tatu kabla ya ndege alikuja peke yake, baada ya Alasiri, na leso za nyumbani tu. Kiti nilimpa, hakukitaka. Akakaa chini mkekani.

"Nilikufungia mfereji," akasema.

"Ehe."

"Nilikutangazia ugonjwa mbele ya watu, na karatasi niliiona."

"Ehe. Endelea."

Nilisema endelea kwa kumkomoa tu. Mie nilijua amemaliza. Akavuta leso usoni.

"Na ile simu ya mama. Nilipiga mimi."

Nilikaa kitako. Akaendelea haraka haraka. Mumewe ana sukari, redio ilisema wenye sukari ndio wanaokufa, akamsikia mama anakohoa ng'ambo ya ukuta siku nne, akaogopa.

"Na yule mwenzangu wa chumba cha pili?" nikamwuliza. "Siku anatolewa wewe ulikuwa wapi?"

"Dirishani."

"Ukanyamaza?"

"Nilinyamaza, dada."

Nilitaka kumpiga, na mama akawa ananiita toka chumbani, kuna nini huko? Kisha likanijia jambo tamu kuliko kupiga. Wauza mboga walikuwa wameniambia zamani kwamba yule Mgiriama amehamia Utange. Nikamwambia, "Radhi zangu ziko Utange. Utamwambia yeye haya uliyoniambia mimi, na mie nisikie. Inuka."

Tukachukua tuktuk. Njia nzima nilikuwa najipangia mambo kichwani: atatukanwa, atatemewa mate, na uso huo uliotemewa mate ndio atakaoupeleka Makka. Kwa upande wangu sikuwa na wasiwasi. Mie nilidanganyika, ningesema pole, yakaisha.

Tuliuliza mara mbili tukaonyeshwa. Tulimkuta nje ya chumba chake anafua kwenye beseni. Alitujua papo hapo. Binti yake, mkubwa sasa, akatutolea vigoda akaingia ndani. Mwenye kisima akasema yote, hakuficha, akilia mpaka maneno yanakatika. Yule mwanamke alimsikiliza mikono iko ndani ya povu. Kisha akaikamua nguo aliyokuwa ameishika, akaiweka kando, akajifuta.

"Ulikuwa na mgonjwa nyumbani," akamwambia. "Hata mimi niliogopa, hiyo maski nilikuwa nalala nayo. Nimekusamehe, mama. Enda, Mungu akufikishe."

Basi. Hata sauti hakupandisha. Nilijihisi nimeibiwa mchana kweupe. Nikaona niseme yangu twende zetu.

"Na mie unisamehe, dada. Nilikosea mtu, nilidhani ni wewe."

"Wewe, la."

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikacheka kidogo.

"Ndivyo ulivyocheka," akasema. "Huyu mwenzio aliogopa. Wewe hukuogopa. Mwanangu alikuwa juu ya mkokoteni, mvua yampiga, nikageuka kukutazama nikidhani labda utaingiwa na huruma. Ulikuwa wapiga vigelegele. Hata kama ningekuwa ni mimi niliyepiga simu, yule alikuwa mtoto."

Akavuta beseni lake akaendelea kufua. Nilikaa pale kwenye kigoda natazama povu, mimi ambaye mtaa mzima wanaujua mdomo wangu. Mwenye kisima ndiye aliyenishika mkono akaniinua.

Ndani ya tuktuk akaniuliza polepole, "Na radhi zako, dada?" Nikampa. Nilimpa na dereva anasikia, kwa hasira, lakini nilimpa. Nisingempa ningerudi kwa mama na uso gani?

Alikwenda Hija, akarudi salama, sasa mtaa unamwita Hajati. Mie nimekwenda Utange mara nyingi tangu siku ile. Yule mwanamke hunipa kigoda, huniuliza pumu ya mama, tukazungumza bei ya unga na shule ya bintiye. Nikilileta lile neno la radhi, humaliza kwanza alichokuwa akikifanya. Kisha huniambia, "Haya, msalimie mama," nami hujua nishaambiwa niondoke.