Kanga Isiyofuliwa

Nilimkatalia mke wangu maji na sabuni, na mpaka leo sijapata mtu wa kunizaba kibao ninachostahili.

Tulikuwa Guangzhou, mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa mwanafunzi wa udhamini, nasomea vinasaba, na nilijiona kweli kweli. Wenzangu wa nyumbani walikuwa wakihangaika na marobota ya nguo kule soko la Shahe, mimi nimevaa koti jeupe. Maabara yetu ilichunguza kasoro moja ya damu ambayo watu wa kusini mwa China wanaijua sana. Ndani ya chembe nyekundu kuna kimeng'enya kinachoilinda isiharibike. Aliyezaliwa nacho pungufu anaishi salama, anacheza mpira, anaoa, mpaka siku atakapokula aina fulani ya maharage, au kumeza dawa fulani, au kulala na harufu ya vile vidonge vyeupe vya kufukuzia nondo, nafutalini. Hapo damu inapasuka humo humo mwilini. Mtoto wa kiume huirithi kasoro hiyo kwa mama yake, baba hana mchango. Tulikuwa na panya waliozalishwa nayo, na kazi yangu ilikuwa kuwapa nafutalini na kuandika yanayowapata. Narudia, msije mkasema sikujua: ilikuwa kazi yangu.

Mke wangu alinifuata akiwa na mimba ya miezi sita. Alijifungua Machi, mtoto wa kiume, mzima, ana sauti ya kuamsha wodi. Muuguzi akaja na sindano ndogo kumchoma kisigino, maana hospitali ile kila mtoto alipimwa kasoro hiyo. Nikamzuia. Nilimweleza kwa Kichina changu cha kujifaragua kwamba hiyo ndiyo fani yangu, nitampima mwenyewe maabara kwangu. Mei shi, nikamwambia, mei shi, hakuna neno, kama muuza duka anayetaka mteja aondoke. Moyoni niliuona ule ni ugonjwa wa Wachina. Vitabu vilisema wazi kwamba umekaa kila mahali palipokaa malaria, na mimi nimezaliwa Tanga, malaria nimekua nayo kama ndugu wa tumbo moja. Sura hiyo niliisoma, mtihani wake nikafaulu, na sikujihesabu.

Tulipotoka hospitali, dada mmoja mfanyabiashara wa Kariakoo, aliyekuwa amekuja kununua bidhaa na kufikia Xiaobei, mtaa wanaofikia Waafrika, alituletea kifurushi kutoka kwa mama yangu. Ndani mlikuwa na doti ya kanga. Kwetu mjukuu wa kwanza hupokewa kwa kanga ya bibi mzaa baba, iliyokaa sandukuni tangu bibi huyo alipomwoza mwanawe, na haifuliwi mpaka imfunge mtoto siku saba. Ukiifua, umeosha baraka. Kifurushi kilipofunguliwa chumba kizima kilinuka sanduku la mama. Vidonge viwili vyeupe vilidondoka vikabingirika chini ya kitanda. Niliviokota kwa mkono wangu mwenyewe, nikavitupa, nikarudi kuinusa ile kanga huku machozi yakinilengalenga kwa kukumbuka nyumbani.

Mke wangu alikunja pua. Akasema kwa upole kwamba angeisuuza tu, pua ya mtoto bado changa. Nilimrukia. Nilimwambia mwezi ule kuta za Guangzhou zinatoka jasho na hakuna kinachokauka. Nilimwambia anamdharau mama yangu, na kwamba kwao hawana mila ndiyo maana hajui thamani ya kitu. Akamfunga mtoto ile kanga. Mtoto alikuwa na siku tatu duniani.

Damu ya kisigino sikuichukua. Asubuhi nilisema jioni, jioni nikasema kesho. Nilikuwa na panya wangu wa kuhesabu.

Siku ya pili ya kanga macho ya mtoto yalikuwa njano. Mke wangu akanionyesha, nikamwambia watoto wachanga wengi huwa hivyo, amuweke dirishani apate jua. Jua lenyewe halikuwepo. Siku ya tatu nepi ilitoka na mkojo wa rangi ya chai isiyo na maziwa. Siku ya nne mtoto alikataa ziwa, akawa analia kwa sauti nyembamba, mgongo umepinda nyuma. Hapo ndipo nilipokimbia kutafuta teksi.

Daktari aliyetupokea, mama wa makamo, alimnusa mtoto kabla hajamgusa. Akaifungua ile kanga, akamkabidhi muuguzi aitoe nje ya chumba. Akaniuliza ninafanya kazi gani. Nilipomjibu, alinitazama kidogo, hakuniuliza kitu kingine. Wakambadilisha mtoto damu, wakamlaza chini ya taa za buluu.

Wanawake wa kwetu walikuja na chupa za uji wa pilipili manga, wakajaa kwenye benchi la ukumbini. Yule dada wa Kariakoo akauliza imekuwaje, na mwenye nyumba ndiye bingwa wa damu? Halafu, nusu utani, nusu si utani, akasema mganga hajigangi. Wenzake wakainamisha nyuso kuficha kicheko. Nilihisi moto masikioni. Nikamgeukia mke wangu, mzazi wa siku saba, ameegemea ukuta, maziwa yamemlowesha blauzi.

"Ugonjwa huu hautoki kwa baba," nikasema. "Umeutoa kwenu."

Kila neno lilikuwa sahihi kisayansi. Wanawake wakamtazama yeye, wala hakuna aliyenitazama mimi tena, na nakiri nilipumua. Habari ilifika kwa mama yangu kabla mtoto hajatoka hospitali. Kwenye simu mama alisema ukoo ule una damu mbovu, nitafute mke mwingine. Ningeweza kumwambia kuhusu sanduku lake. Nilimuuliza hali ya hewa.

Mtoto alipona, tukashukuru. Lakini alipofika miezi minane mfuniko wa sufuria ulianguka nyuma yake, mimi nikaruka, yeye akaendelea kucheza na kijiko. Hospitali wakampima, wakatuambia ile njano ilikuwa imeingia kwenye mishipa ya kusikia. Wangemwahi siku mbili kabla, huenda ingekuwa vingine. Ndipo nilipowachukua damu mama na mwana, baada ya kila kitu. Majibu yalikuwa kama nilivyosema, na nilirudi na ile karatasi nyumbani kama mtu aliyeshinda kesi.

Mke wangu aliisoma akaikunja.

"Mama yangu kazaa wavulana watano," akasema. "Huenda wawili watatu wanayo hiyo yako ya kwenye karatasi. Wote wanasikia. Hakuna aliyefungwa kanga ya mama yako."

Nilimwambia hajui sayansi. Nyani haoni kundule.

Tulirudi nyumbani na shahada yangu, nikapata kazi ya kufundisha. Mtoto tukampeleka shule ya viziwi. Yeye na mama yake wanazungumza kwa mikono kutwa nzima, wanabishana, wanasengenya majirani, wanacheka. Mimi nilijifunza ishara chache tu: njoo, kula, lala. Nilisema kazi zimenibana.

Alipokuwa na miaka tisa walifundishwa darasani jinsi watoto wanavyorithi sura na urefu kwa wazazi wao. Wakati wa chakula alinisogezea daftari. Alikuwa ameandika kwa mwandiko mzuri: "Baba, masikio yangu nimerithi kwa nani?"

Somo hilo ndilo linalonilisha. Ningeweza kujaza daftari zima. Nilishika penseli yake nikaandika maneno mawili: "Ulizaliwa hivyo."

Mama yake alisoma akiwa amesimama nyuma yangu. Akaweka bakuli la mchuzi mezani, akavuta kiti, akaanza kumweleza kwa mikono. Alieleza kwa muda mrefu, na mimi sikuelewa hata ishara moja, ila mara mbili alininyooshea kidole. Mtoto alimtazama mpaka mwisho. Kisha akachukua kifutio, akafuta nilichoandika, akaniwekea penseli mbele yangu, akangoja.

Sikuishika.