Mama amepiga simu zimamoto, mkwe wake akapokea

Leo nimeona mume wangu akimkatalia mama yangu.

Mnamjua Deo wangu, haoni ila mwanga kidogo. Kazi yake ni kupokea simu za zimamoto. Mama naye aliniuliza kabla ya harusi: "Asiyeona, siku ya moto atakufaa nini?"

Mchana nilimpelekea Deo ndizi kazini. (Bibi harusi wa mwezi mmoja, mnivumilie.)

Simu ikalia, Deo akapokea kwa spika. Ni mama, analia kutoka dukani kwa jirani: jiko lake la uani linaungua.

"Shikamoo mama. Ni mimi, Deo."

Kilio kikakatika.

"Marahaba, baba. Za kazi?"

Moto unawaka, jamani! Lakini utampigiaje mkwe kelele?

Deo akajibu salamu zote, kwa sauti ile tulivu niliyoipenda, kisha akafunika simu na kumwelekeza dereva wa gari la zimamoto: "Igoma. Ukishapita mashine ya kusaga, barabara ikianza mashimo, kata kulia."

Mama akasema, "Basi baba, ngoja nikatoe cherehani yangu jikoni."

"Hapana, mama. Usiingie. Kaa hapo hapo dukani."

Nikashika kichwa. Nani anamwamrisha mama mkwe? Nyie mngefanyaje?

Kwenye simu nikasikia benchi likivutwa.

"Haya, baba. Nakaa."

Paa la jiko lilianguka kabla gari halijafika. Cherehani imeteketea, nyumba imepona.

Nilipofika, zimamoto walishaondoka. Mama alikuwa bado kwenye benchi la dukani.

"Mama, twende nyumbani."

"Mkwe hajaniambia niinuke."