Mtia Makaa Arudishwe Kwenye Manowari

Siku subira yangu ilipokatika naikumbuka vizuri, mwanangu, maana ulikuwa umenishika mkono wa sare ya kazi ukinivuta. "Mama, twende nyumbani." Sikwenda.

Nilikuwa nimetoka shifti ghalani Eagan, huku ughaibuni, moja kwa moja hadi shuleni kwenu Brooklyn Center, jioni ya wazazi. Ukuta mzima wa darasa la historia mlikuwa mmechora manowari ya Waingereza, ya zama zile walipokuwa wakihama kutoka matanga kwenda mvuke. Milingoti na dohani pamoja, kwa sababu makaa ya mawe yalikuwa ghali na upepo ni wa bure. Kila mtoto alikata mtu wa karatasi akambandika mahali pake: maafisa nyuma, wanamaji kwenye kamba, askari na bunduki zao. Wewe ulimweka mtia makaa chini kabisa, kwenye tanuri, na jina lake: Juma bin Feruzi.

Siku mbili baadaye mwalimu akamtoa, akambandika kwenye bandari iliyochorwa pembeni. Nilipiga simu, nikaambiwa litaangaliwa. Jioni ile nikamkuta Juma bado yuko bandarini, kando ya magunia.

"Nimemsogeza tu," mwalimu akasema. "Waafrika hawakuwa mabaharia wa meli hizi. Hapa anapendeza zaidi."

Anapendeza.

"Mwalimu," nikamwambia, na sauti sikuipunguza, "huyo ni babu wa nyanya yangu. Waingereza walimwandika kazi Unguja, yeye na wenzake wengi. Wewe ndiye unamfukuza leo?"

Baba mmoja Mkongomani nyuma yetu akadakia, "Tena bila hata barua." Watu wakacheka. Mwalimu hakucheka.

Sasa nisikilize. Mombasa, nilipokuwa na umri wako, nyanya alikuwa akiwarehemu wafu wetu kwa majina kila Alhamisi jioni, na Juma wa Manowari hakumruka. Nikamuuliza kama alikuwa nahodha.

"Nahodha wapi," akasema. "Alikuwa motoni, huko chini. Nahodha akitaka mwendo, anaagiza kwake."

Picha yake hatuna. Tuna jina, na sisi wa kulitaja. Kwa hiyo, mwanangu, mtu akimsogeza wa kwako, usinivute mkono. Muulize kwa nini, mbele ya watu, halafu uandike, kwa sababu hasira haidumu; yangu mimi iliisha kabla hatujafika kwenye gari. Na wewe humo garini ukaniambia utamkatia Juma wenzake wawili, asichoke peke yake. Hapo nikajua utaweza. Mungu akupe sauti, na akupe watu wa kuisikia.

Asubuhi yake nilimpelekea mkuu wa shule malalamiko haya. Sentensi ya mwisho ni yako.

"Nalalamikia kuondolewa kwa mtia makaa wa karatasi aliyewekwa na binti yangu kwenye manowari ya darasa. Watia makaa kutoka pwani yetu walikuwa sehemu ya jeshi lile la majini. Naomba arudishwe kwenye tanuri pamoja na jina lake, na darasa lielezwe kwa nini alitolewa na kwa nini amerudi. Tafadhali muache nafasi pembeni yake, kuna wenzake wawili wanakuja."