Dawa ya Chupa ya Baba

Juzi mjukuu wangu karudi kutoka mashamba ya chumvi, kavaa mabuti ya mpira mapya, ya kazini. Nikayatazama, nikashindwa kula. Na siku ile palikuwa na mihogo ya nazi, ndugu yangu, nami kwenye mihogo ya nazi si mtu wa kubembelezwa.

Mama yangu alikwangua chumvi palepale, miguu mitupu, kama wenziwe wote. Mwenye mashamba tulimwita Baba. Si kwa kumwogopa, wallahi. Kila sikukuu ya Idi alituletea khanga, mtu akifiwa sanda ilitoka kwake, hata mimi chuoni kwa mwalimu alinipeleka yeye. Sikukaa sana, lakini hayo mengine. Mfanyakazi akiumia, Baba alimfunga kidonda kwa mkono wake, kwa dawa yake ya chupa, inanukia karafuu. Kwenda hospitali kabla hajakutuma ilikuwa kama kumkana.

Mama akakatwa mguu na reki. Chumvi ikaingia. Kila asubuhi Baba anakuja, anapiga goti, anafunga. "Kunakauka, mwanangu." Hakukuwa kukikauka. Maji ya kumwosha nilichemsha mimi. Niliisikia harufu ikiishinda karafuu.

Jirani yetu akaja juu. "We mwanamke, mguu unaoza huo! Twende hospitali!"

"Shoga, nitamtazamaje Baba?"

"Mtazame kwa macho! Mguu ndio hupati mwingine!"

Mama akacheka. Akangoja atumwe.

Alipotumwa, Baba alimbeba mwenyewe mpaka kwenye gari, analia kama mtoto. Wakaukata hapa, chini ya goti. Baba akamwekea kiti ghalani ashone magunia, na Mama akamwombea dua kila swala mpaka anaingia kaburini. Nimejaribu kumchukia mtu yule. Nikianza tu, naiona khanga ya Idi.

Sasa ghala halipo, kiti hakipo, na anayeitwa Baba kule hayupo. Mjukuu akawa ananung'unika, mihogo mdomoni: "Bibi, bosi wetu hata jina langu halijui. Mkataba na mabuti, basi. Bora nyie, mlikuwa na baba."

Nilitaka kumwambia. Nikayavuta yale mabuti, nikaanza kuyafuta kwa upindo wa khanga, nayo yalikuwa safi.