Vibakuli Nilivyoviosha Mno

Mimi ndiye Mama Chupa. Miaka thelathini na moja nimeosha vyombo vya maabara, na hajatokea wa kunionyesha doa. Shule niliishia darasa la pili, lakini alichonifundisha Miwani, binti anayesomea seli, nakijua barabara.

Kila seli ina ukuta mwembamba, na ukutani kimesimama kipokezi, kichwa nje, mkia ndani. Seli jirani ikikishika na kukivuta, kinakatwa. Mkia unaachiwa, unakwenda hadi kwenye kiini, na huko unaziamsha jeni zilizolala.

"Mkia mtupu ndio unatoa amri?" nikamuuliza.

"Ndiyo, Bibi."

"Basi umemshinda marehemu mume wangu. Yeye alikuwa mzima, na hakuna aliyemsikiliza."

Kasoro ni kwamba mikia ya Miwani ilikataa kwenda. Aliitia rangi ya kijani, lakini kwenye darubini kijani kilibaki ukutani, kiini cheusi tii. Jumatatu hivyo, Jumanne hivyo, Jumatano hivyohivyo. Ijumaa alitakiwa kuwaonyesha maprofesa, la sivyo arudie mwaka.

"Kwani unafanyaje hasa?" nikamuuliza.

"Seli zangu hazina jirani wa kuzivuta, Bibi. Kwa hiyo jioni napaka kitu cha kuzishika ndani ya kibakuli, kigande chini. Kikikauka ni kama ukungu tu. Asubuhi naweka seli juu yake."

"Vibakuli unaviacha wapi?"

"Pale kando ya sinki."

Ule ukungu! Kila asubuhi nauona, nasonya, vijana wachafu hawa, nasugua mpaka kioo kinalia, kisha narudisha palepale.

Tangu nizaliwe sijamwomba mtu radhi kwa kuosha, na siri ile ningeweza kuzikwa nayo. Lakini mtoto wa watu alishaanza kufungasha madaftari.

"Weka hayo chini. Vibakuli nimeviosha mimi."

"Umeviosha?"

"Vikatakata. Na vilikuwa vichafu, usinibishie!"

Akanikodolea macho, halafu akacheka mpaka akashika meza.

Jioni akapaka upya. Mimi nikaandika karatasi kwa mkono wangu, herufi zimepinda: USIGUSE. Nilijiandikia mwenyewe.

Alhamisi jioni akaniita kwenye darubini. Viini vimejaa kijani tele!

Ijumaa profesa mmoja akamuuliza alichobadilisha.

"Tuliacha kuosha," akajibu.

"Kwa siku moja tu!" nikapaza sauti kutoka mlangoni.