Kaseti Iliyopiga Mayowe

Mwaka ule nilikuwa kidato cha tatu, na mama alikuwa mpishi katika nyumba ya likizo ya Wazungu wa Nairobi, upande wa Casuarina, Malindi. Wenyewe walikuja Agosti, Krismasi na Pasaka. Miezi mingine nyumba ilikuwa yetu kuipangusa, si yetu kuikalia. Sisi wawili tulilala chumba cha nyuma, karibu na tangi la maji. Amri ya mwenye nyumba ilikuwa moja tu: vitu vya sebuleni visiguswe ila kwa kitambaa cha vumbi. Mtunza bustani aliwahi kuazima baiskeli ya mtoto kwenda msibani. Akafukuzwa kabla ya adhuhuri, na godoro lake likatupwa nje ya geti. Mama akifukuzwa, chumba kingekwenda naye, tungerudi Mambrui kwa ndugu, na skuli yangu ingeishia hapo. Sikuhitaji kukumbushwa.

Mtoto wao wa kiume, mdogo kwangu kidogo, alikuwa na kompyuta iliyounganishwa na televisheni. Michezo yake ilikaa ndani ya kaseti, kaseti za kawaida kama hizi za taarabu. Alitia moja kwenye redio kaseti yake, ikapiga mayowe kwa dakika kadhaa, kisha picha ikatokea kwenye kioo. Alipokosa mwenzake aliniita mimi tucheze. Kwanza niliingia kwa shauku, maana majalada yale yalikuwa na ahadi za kila namna: joka linalotema moto, mji uliozama baharini, jitu lenye jicho moja. Kaseti hizo zilitoka Ulaya na zilikuwa ghali kupindukia. Lakini ndani ni yale yale! Chini kuna kidude chako kinachopiga risasi, juu kuna vidude vingi vinavyoshuka, una roho tatu, zikiisha umekufa. Mimi niliuona mchezo mmoja uliobadilishwa kanzu, na kanzu ndiyo iliyolipiwa.

Mwezi wa Novemba baba mtu alikuja peke yake kutazama makuti ya paa. Akaacha kwenye droo ya sebuleni kaseti mpya, zawadi ya Krismasi ya mwanawe, yenye picha ya farasi mwenye mabawa. Bei yake aliitangaza kwa simu, kwa Kiingereza ambacho mama hakukijua, mpaka mimi niliyekuwa jikoni nikaisikia. Kisha akarudi Nairobi.

Wiki chache baadaye nilitoka skuli nikamkuta mama anakaanga samaki, redio kaseti ya jikoni inaimba taarabu. Juu ya meza palikuwa na jalada la farasi, tupu.

"Mama, kaseti ya humu iko wapi?"

"Si hiyo inayoimba? Usinitolee macho. Niliikuta drooni nikipangusa vumbi, nikaijaribu kwanza. Ikapiga ukelele, audhubillahi, kama paka anachinjwa! Nikasema hii imeshakufa, watakuja kuitupa. Nikaziba vitundu kwa karatasi, nikanasia taarabu ya redioni."

Hila ile ya vitundu kila nyumba ya pwani iliijua: kaseti ya dukani huwa na vitundu viwili juu, ukiviziba inakubali kurekodiwa upya. Mama hakuwahi kukaa sebuleni kijana akicheza, basi angejuaje kuwa mayowe yale ndiyo mchezo wenyewe? Nilimweleza. Mwiko ukamtoka mkononi. Akaketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi, akashika kichwa.

"Wanakuja lini?"

"Jumamosi, mama."

Tangu hapo nilikuwa naogopa hata mlio wa geti. Kununua nyingine haikuwezekana. Kaseti za namna ile hazikuuzwa Malindi wala Mombasa. Mama alitaka kusema kweli na liwalo na liwe. Mimi sikutaka kusikia.

Shoga yake mama alikuwa mpishi nyumba ya pili, na watoto wa huko nao walikuwa na kompyuta. Alituazima kaseti yao moja ambayo kijana wetu hakuwa nayo, huku akiogopa kuliko sisi. Nikaipeleka mjini pamoja na ile ya farasi, kwenye duka la kunakili taarabu, ili mchezo wa hiyo ya kuazima unakiliwe juu ya taarabu ya mama. Mwenye duka alikuwa na desturi ya kuweka spika nje. Alipobonyeza, mayowe yakatoka mpaka barabarani, watu wakageuka, na mimi nikatamani ardhi ipasuke nizame.

"Mwanangu, huyu mwimbaji kapatwa na nini?"

"Ni mambo ya skuli, ami. Tafadhali, usiikate katikati."

Asubuhi ya Krismasi kijana alifungua zawadi yake, akaitia kaseti, akabonyeza, akaenda barazani kula mahamri kama kawaida yake, kwa kuwa mayowe yalichukua muda. Mimi nilikuwa sebuleni na kitambaa. Hapo likatokea jina la mchezo, kwa herufi nyekundu zilizojaa kioo kizima, wala halikuwa jina lililoandikwa juu ya jalada. Baba mtu akaingia kutafuta miwani yake. Nilisimama mbele ya televisheni nikaipangusa kwa mapenzi ambayo sijawahi kupangusia kitu kingine. Akanitazama, akaipata miwani, akatoka. Nilipogeuka, jina lilikuwa limekwenda zake.

Kijana akarudi, akacheza. Baba yake akaja kukaa kando yake na gazeti. Mama akaingia na sinia la chai. Mara kijana akasimamisha mchezo, akasema kwa Kiingereza, "Hii nimeshaicheza."

Baba mtu akateremsha gazeti, akatutazama sisi wawili.

"Nani amegusa hii?"

Mama akaliweka sinia chini. Niliona midomo yake ikianza kwenda. "Bwana," akasema, "ni mimi—"

"Hapana," kijana akamkata, hata kichwa hakugeuza. "Michezo yote iko hivi hivi."

Baba akashusha pumzi, akawatukana watengenezaji wa Ulaya, akarudi kwenye gazeti lake. Mama alimimina chai bila kumwaga hata tone, sijui kwa nguvu za nani.

Baada ya siku mbili kijana alikuja jikoni. Mama aliposikia hatua zake akashika ukingo wa meza.

"Wewe nataka?" akaniuliza, akininyooshea kaseti ya farasi. "Mimi nimechoka nayo. Daddy ataleta ingine."

Niliipokea kwa mikono miwili, nikasema ahsante. Mama alisubiri mpaka kijana akafika barazani, ndipo akakaa chini sakafuni akalia, yeye ambaye siku zote zile za hofu hakutoa chozi.